Dakika 11 Katika Ziwa Tanganyika

Ndugu msikilizaji, na hasa wewe askari wa jeshi na wewe askari wa polisi unayelinda usalama kusini-magharibi mwa Rwanda, mazungumzo yetu ya leo yanahusu mashua moja ya mbao. Urefu wake ulikuwa mita 12, na jina lake lilikuwa Mimi. Tarehe 26 Desemba 1915, katika Ziwa Tanganyika, mashua hiyo pamoja na pacha wake aliyeitwa Toutou iliishinda na kuiteka manowari ya Wajerumani kwa muda wa dakika 11 tu. Ushindi huo ulikuwa hatua ya kwanza ya kufungua mlango ambao majeshi ya Wabelgiji yaliupitia, miezi michache baadaye, kuingia katika nchi hii na kutoka nayo mikononi.

Kwa Wafaransa, Mimi ni jina la kumbembelezea paka, na Toutou ni la kumbembelezea mbwa. Lakini sikio lililozoea Kiswahili hulisikia jina la kwanza kwa namna nyingine. Husikia mtu anayeitaja nafsi yake. Na kwa muda mrefu kisa hiki kimesimuliwa hivyo hivyo, kana kwamba kilitendwa na nafsi moja: kamanda mmoja, mashua moja, mzinga mmoja. Leo tutakisimulia kwa ukamilifu wake, kwa sababu askari anayejifunza nusu ya vita hujifunza makosa.

Tuanze hapa nyumbani. Mtu anayesimama juu ya vilima vya Nyakabuye, yalipo maji ya moto ya Mashyuza, huona chini yake uwanda wa Bugarama ukielekea mto Rusizi. Vijito vya milima hii huishia katika mto huo. Rusizi nao hutoka Ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hushuka kwa kishindo magengeni, kisha hutulia bondeni na kuingia Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Kutoka hapo maji hupita katika mto Lukuga, huingia Lualaba, na mwisho humwagika baharini kwa jina la mto Kongo. Kwa hiyo mambo ya Tanganyika hayako mbali na Nyakabuye. Mwenye kulitawala ziwa lile huwa ameshika mguu wa ngazi ambayo kichwa chake kiko Kivu.

Jambo hilo Wajerumani walilijua mapema. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa chini ya Ujerumani, na ng'ambo ya pili ilikuwa Kongo ya Wabelgiji. Tarehe 22 Agosti meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune, ikaiharibu isiweze tena kusafiri. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Septemba, Kapteni Max Wintgens, mkuu wa Wajerumani katika Rwanda, alikiteka kisiwa cha Ijwi katika Ziwa Kivu. Basi maziwa yote mawili, la juu na la chini, yakawa mikononi mwa upande mmoja.

Hebu tufikiri kiaskari. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi. Jeshi lenye meli katika ziwa kama hilo linaweza kupakia askari jioni na kuwashusha alfajiri mahali ambapo adui hana hata mlinzi mmoja. Jeshi lisilo na meli halina budi kulinda kila ghuba na kila mdomo wa mto, na anayelinda kila mahali hana nguvu popote. Wabelgiji walikuwa na watu wengi, lakini hawakuthubutu kusonga mbele kuelekea mashariki wakiacha ubavu wao wa kusini wazi kwa meli tatu za Wajerumani.

Ya kwanza ilikuwa Kingani, meli ndogo ya tani 45. Ya pili ilikuwa Hedwig von Wissmann, tani 60. Ya tatu ndiyo iliyokuwa mfalme wa ziwa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupakiwa katika treni za reli mpya iliyofika Kigoma mwaka 1914. Huko ikaungwa tena, ikashushwa majini mwezi Februari 1915. Urefu wake ulikuwa mita 70 na zaidi, na baadaye ikapewa mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, ile iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915. Jina la meli hiyo lilikuwa Graf von Götzen. Msikilizaji wa Rwanda analijua jina hilo. Huyo ndiye Mjerumani aliyeivuka nchi yetu mwaka 1894 na kupokewa na mwami Kigeri wa Nne Rwabugiri, kisha akawa gavana wa koloni lote la Kijerumani la Afrika ya Mashariki wakati wa vita vya Maji Maji. Jina la mtu aliyekuja na karatasi na kalamu kuipima Rwanda sasa lilikuwa limeandikwa juu ya chuma, na chuma hicho kilikuwa na mzinga.

Mwezi Aprili 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alifika katika makao makuu ya jeshi la majini la Uingereza mjini London na shauri lililoonekana kama ndoto. Alisema kwamba mashua ndogo zenye injini na mwendo wa kasi zingeweza kupelekwa kwa meli hadi kusini mwa Afrika, zikapanda treni kuelekea kaskazini, zikavutwa nchi kavu kupita milima ya Kongo, na kutiwa katika Ziwa Tanganyika kabla adui hajajua. Amirali Henry Jackson wa jeshi hilo la majini alilikubali shauri hilo. Zikapatikana mashua mbili za mbao ya mkangazi, kila moja ikiwa na injini mbili, mzinga mdogo upande wa omo na bombomu upande wa tezi. Uongozi akapewa Geoffrey Spicer-Simson, afisa aliyekuwa amekalishwa ofisini kwa kuwa rekodi yake ya baharini haikuwa nzuri. Majina ya kwanza aliyoyapendekeza, Paka na Mbwa kwa Kiingereza, wakubwa wake waliyakataa. Akayarudisha kwa lugha ya Kifaransa, nayo yakapita.

Tarehe 15 Juni 1915 msafara uliondoka Uingereza na maofisa na mabaharia wasiofika 30. Mwanzoni mwa Julai walikuwa Cape Town. Kutoka huko walisafiri kwa reli hadi Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, na mwanzoni mwa Agosti walifika Fungurume, mahali ambapo reli ilikwisha.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo vita vyenyewe vilipoanza, ingawa adui alikuwa bado mbali. Mbele yao palikuwa na zaidi ya kilomita 200 za msitu, mabonde na milima ya Mitumba, yenye kupanda zaidi ya mita 1,800. Barabara haikuwapo. Ilibidi itengenezwe. Mamia ya Wakongo walikata miti, wakang'oa visiki, wakachimba kando za vilima na kujaza makorongo. Madaraja zaidi ya 150 yalijengwa kwa magogo. Mashua zilipandishwa juu ya magari maalumu ya magurudumu, zikavutwa na matrekta mawili ya mvuke yaliyokula kuni na kunywa maji bila kushiba. Matrekta yaliposhindwa, walifungwa maksai. Maksai waliposhindwa, kamba zilizungushwa kwenye miti mikubwa, mashua ikapandishwa hatua kwa hatua. Na ilipofika kileleni, kazi ikawa kuizuia isiporomoke upande wa pili.

Ulikuwa wakati wa kiangazi. Vijito vilikuwa vimekauka, na bila maji matrekta yalisimama. Ndipo walipoitwa akina mama wa vijiji vya jirani, wakabeba maji kichwani kwa mitungi, mwendo wa kilomita nyingi, ili mashine za Wazungu ziendelee kutembea. Historia iliyoandikwa imehifadhi majina ya maofisa wote wa msafara ule. Majina ya akina mama hao haikuyahifadhi.

Kazi hiyo ilichukua wiki sita. Mwisho wa Septemba mashua zilifika Sankisia, zikapanda reli fupi hadi Bukama, zikaingizwa katika mto Lualaba uliokuwa na maji machache. Mara nyingi zilipanda mchanga, zikasukumwa na wapiga makasia waliojua kila mkondo. Kutoka Kabalo zilisafiri kwa treni hadi mdomo wa Lukuga, karibu na mahali palipo leo mji wa Kalemie. Mwisho wa Oktoba 1915 Spicer-Simson aliliona ziwa kwa mara ya kwanza. Bado hapakuwa na bandari. Wabelgiji na vibarua wao walirundika mawe ziwani kutengeneza gati la kuzuia mawimbi, na mashua zikafichwa nchi kavu. Mimi iligusa maji ya Tanganyika tarehe 22 Desemba, Toutou siku iliyofuata.

Je, upande wa Kigoma walikuwa wakifanya nini muda huo wote? Mkuu wa meli za Wajerumani, Gustav Zimmer, hakuwa mzembe. Aliona kwamba Wabelgiji wanajenga kitu Lukuga, akatuma watu kupeleleza. Mwanzoni mwa Desemba mmoja wa maofisa wake, Rosenthal, aliogelea usiku hadi karibu na bandari hiyo ili ajionee kwa macho, lakini kulipopambazuka hakuweza kurudi kwenye meli yake, akakamatwa. Hivyo mashua mbili zilikuwa zimepita nusu ya Kongo kwa miezi mingi, mbele ya macho ya maelfu ya watu, na habari yao ya kweli haikumfikia kwa wakati yule aliyekuwa na haja nayo kupita wote.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 26 Desemba, Waingereza wakiwa katika ibada, Kingani ilitokea ikikaribia pwani ya Kongo. Ibada ilimalizwa, watu wakashuka kwenye mashua. Spicer-Simson hakutoka mara moja. Aliiacha Kingani ipite kwanza, kisha Mimi na Toutou zikatoka bandarini na kuifuata kwa nyuma.

Hapo ndipo ilipo siri ya pambano lile. Mzinga wa Kingani ulikuwa omo, nao uliweza kupiga kuelekea mbele tu. Ili kumpiga adui aliye nyuma, meli ilipaswa igeuke mzima mzima. Mashua zile mbili zilikuwa na mwendo mkubwa zaidi. Kila Kingani ilipogeuka, zenyewe zilihama na kubaki upande wa tezi. Nahodha wake, Junge, aliuawa mzingani pamoja na wenzake kadhaa. Fundi wa injini akapunga kitambaa cheupe. Dakika 11 zilikuwa zimepita tangu risasi ya kwanza. Kingani ilikokotwa hadi ufukoni ikivuja, ikazibwa, ikapewa mzinga mkubwa zaidi na jina jipya: Fifi. Maiti wa Kijerumani walizikwa, na mabaharia Waafrika waliosalimika wakawa mateka.

Mbinu hiyo haikuwa mpya. Katika zama za matanga, manowari kubwa zilibeba mizinga yao mbavuni, na kwa sababu hiyo omo na tezi zilikuwa sehemu zake dhaifu. Nahodha wa chombo kidogo aliyejua kazi yake alitafuta kusimama pale ambapo mizinga ya adui haimfikii. Katika Bahari ya Hindi yetu hii, mwezi Septemba 1801, manowari ndogo ya tanga ya Kiingereza iitwayo Victor, yenye mizinga 18 na nahodha George Collier, ilikutana na meli ya Kifaransa Flèche karibu na visiwa vya Shelisheli. Mara ya kwanza Flèche ilitoroka. Siku chache baadaye Victor iliikuta imetia nanga Mahé, ndani ya mlango mwembamba wenye miamba. Collier alikivuta chombo chake kwa kamba na nanga, polepole, huku akipigwa na asiweze kujibu sawasawa, mpaka akafika mahali alipopataka; ndipo akageuza ubavu. Baada ya saa mbili na zaidi Flèche ilikuwa imevunjwa na kuzama. Miaka 114 ilitenganisha Mahé na Lukuga, na mvuke na petroli zilikuwa zimechukua nafasi ya upepo, lakini kanuni ilikuwa ile ile. Mdogo hashindi kwa kujifanya mkubwa. Hushinda kwa kuchagua mahali na wakati, na kwa kuvumilia taabu ya kufika hapo.

Turudi Tanganyika. Kingani ilipokosa kurudi, Zimmer hakujua imepatwa na nini. Zaidi ya wiki sita zilipita. Tarehe 9 Februari 1916 aliituma Hedwig von Wissmann, chini ya Luteni Odebrecht, ipite njia ile ile. Graf von Götzen haikuwa pamoja nayo. Asubuhi Hedwig iliona vyombo vikitoka Lukuga, na vilipokaribia ikatambua kwamba si vya Wabelgiji peke yao. Ikageuka kukimbia. Fifi iliifukuza, lakini kila mzinga wake mkubwa ulipolia, chombo kilirudishwa nyuma na kishindo na kupoteza mwendo. Makombora yake yakawa yanapita juu ya adui na kuangukia mbali.

Ndipo Mimi, ikiongozwa na Luteni Wainwright, ilipochomoka mbele. Mzinga wake ulikuwa mdogo mno kuizamisha Hedwig, lakini uliweza kuiuma. Kila ilipoumwa, Hedwig ilipinda ili ijibu, na kila ilipopinda ilipoteza masafa. Tena Wainwright, aliyekuwa karibu na kuona makombora ya Fifi yanakoangukia, alirudi na kumweleza kamanda wake kwamba anapiga mbali mno. Fifi ikarekebisha shabaha huku ikiwa imebakiwa na makombora machache sana. Kombora likapiga kiwiliwili cha Hedwig, jingine likaingia chumba cha injini, na meli ikazama omo ikitangulia. Hapo tunaona kazi mbili za mashua ndogo ambazo watu huzisahau: kumchelewesha adui, na kumwambia mwenzako mwenye nguvu kwamba shabaha yake si sahihi. Kamanda asiyeambiwa ukweli na walio mbele yake hupoteza makombora yake yote hewani.

Siku iliyofuata Graf von Götzen ilikuja ikipita polepole mbele ya Lukuga, ikimtafuta ndugu yake. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa tayari. Spicer-Simson alikataa kutoka. Wako wanaomlaumu kwa woga, na wako wanaosema kwamba mashua ya mita 12 haina haki ya kucheza na mzinga wa milimita 105. Lakini lisilo na ubishi ni hili: baada ya siku hiyo hakupigana tena pambano lolote la maana ziwani. Aliondoka kwa miezi kadhaa kutafuta chombo kikubwa zaidi, na mwezi Juni 1916, huko Bismarckburg, mahali panapoitwa leo Kasanga, alijizuia kuikaribia ngome ya Wajerumani kwa kuihofia mizinga yake. Wajerumani wakatoroka usiku kwa mitumbwi. Mizinga ile, ilipokaguliwa, ilikuwa ya magogo. Na Götzen yenyewe kwa wakati huo ilikuwa imekwisha kunyang'anywa mzinga wake mkubwa, uliopelekwa katika vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa mti. Wenye nguvu za kweli walizuiwa na vinyago. Mtu yule yule aliyeshinda mwezi Desemba kwa kumjua adui alishindwa mwezi Juni kwa kutomjua.

Ziwa likiwa limefunguka, nchi kavu nayo ikawaka moto. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur yalianza kusonga. Kanali Molitor aliingia kutoka kaskazini, na tarehe 6 Mei Kigali ikaanguka. Kanali Olsen aliingia kutoka upande huu wetu, akivuka Rusizi hapa Cyangugu, kisha akaelekea Nyanza. Wintgens alirudi nyuma pamoja na askari wake na vijana wa Rwanda aliowafundisha, walioitwa Indugaruga. Mwezi Juni Usumbura ikachukuliwa. Ndege za Wabelgiji zenye kutua majini zikaishambulia Kigoma kwa mabomu. Tarehe 26 Julai Wajerumani wakaizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake mafuta mazito isipate kutu, kwani walitumaini kurudi. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora.

Sasa tujiulize swali ambalo vitabu vingi vya manowari havijiulizi. Ushindi huo ulikuwa wa nani? Mkongo aliyechonga barabara ya Mitumba hakuulizwa kama anaitaka vita hiyo. Baharia Mwafrika wa Kingani alipigania bendera ambayo haikuwa yake. Majeshi yalipopita, wapagazi walichukuliwa mashambani kubeba risasi na chakula, na katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda, vita vilifuatwa na njaa kuu inayokumbukwa kwa jina la Rumanura. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili nyasi ndizo ziumiazo, lakini nyasi za mwaka 1916 zilifanywa pia zibebe tembo.

Na Rwanda yenyewe ilibadilishiwa bwana bila kushauriwa. Wabelgiji walikaa hadi tarehe 1 Julai 1962. Mwami Yuhi wa Tano Musinga, aliyetawala wakati Mimi ilipokuwa ikivutwa milimani, aliondolewa nao katika ufalme mwezi Novemba 1931 na kuletwa Kamembe, katika sehemu hii hii ya Cyangugu, mbali na Nyanza. Mwaka 1940 walimvusha hadi Kongo, na mwaka 1944 akafariki huko Moba. Mahali hapo pako kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie. Hivyo mwami ambaye hakuwa na mashua hata moja katika vita vile alimaliza siku zake akiyatazama maji yale yale ambamo hatima ya nchi yake iliamuliwa na wageni.

Graf von Götzen haikufia majini. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mitambo iliyopakwa mafuta ikaonekana bado nzima. Mwaka 1927 ilianza safari kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Kwa miaka zaidi ya 80 ilibeba wafanyabiashara, samaki, magunia na wagonjwa kati ya Kigoma na kusini ya ziwa. Abiria wake hawakufikiria mizinga. Na mwaka 2015, Warundi walipokimbilia Kagunga kwa maelfu, Liemba ndiyo iliyowavusha hadi Kigoma. Chombo kilichotumika vitani kiliokoa watu wengi kuliko kilivyopata kuua.

Ndugu askari, ni nini basi cha kuchukua katika kisa hiki?

La kwanza ni habari. Zimmer alikuwa na meli kubwa, mzinga mkubwa na mabaharia hodari. Alichokosa ni kujua kilichokuwa kinakuja. Polisi anayesikilizwa na wavuvi wa Kivu na wakulima wa Bugarama, kwa kuwa anawaheshimu, ana macho ambayo hakuna manowari inayoweza kuyanunua. La pili ni umoja wa nguvu. Kingani ilitumwa peke yake ikapotea; Hedwig ikatumwa peke yake ikapotea; Götzen ikaja peke yake ikakuta hakuna wa kumtafuta. Meli tatu zilizokuwa zikitawala ziwa zilishindwa moja moja. La tatu ni kiasi. Ushujaa wa Desemba haumlipii mtu deni la Juni, na sifa za jana hazilindi mpaka wa leo.

La nne ndilo kubwa kuliko yote. Dakika 11 za Lukuga zilinunuliwa kwa miezi sita ya jasho: jasho la mchimba barabara, la mvuta kamba, la mpiga makasia, la mama mwenye mtungi kichwani. Mashua iliitwa Mimi, lakini iliyoifikisha ziwani ni sisi. Tofauti kati ya jeshi la wakoloni na jeshi la taifa haiko katika ukubwa wa mizinga. Iko katika kumjua yule abebaye maji, kumtaja kwa jina, na kumlinda yeye kwanza. Ukiwa zamu usiku kando ya Rusizi na ukasikia maji yanavyoteremka kuelekea Tanganyika, ukumbuke kwamba yalikwisha kuipitisha vita ya wengine juu ya migongo ya watu wetu. Zamu yako ndiyo inayowazuia wasibebeshwe tena.